Jua Nililochora Bila Ruhusa

Vijana wangu, ninyi mnaopokea funguo za kabati la rangi, nimeambiwa niwaandikie ninachokijua kabla sijakisahau. Macho yangu siku hizi hayaoni mstari mwembamba, na mkono wa kulia umeanza kutetemeka bila sababu. Lakini kichwa bado kizima, na mdomo ndio usiseme, waulizeni nyumbani kwangu.

Mimi ni Mrangi kwa kabila na mtu wa rangi kwa kazi. Utani huo niliusikia siku ya kwanza nilipoteremka Dodoma kutoka Kondoa, na aliyeutoa alikuwa Mgogo, kwa hiyo msidhani mmeubuni ninyi. Kwa miaka mingi nilikuwa mwandishi wa mabango. Saluni, vinyozi, maduka ya dawa, mashine za kusaga, kote huko herufi zilikuwa zangu. Alinifundisha Fundi Athumani, mzee mmoja mkali aliyekuwa na dawa moja tu ya mstari uliopinda. Alikuwa anakunyang'anya brashi, ananyoosha mwenyewe, anakurudishia bila kusema neno. Mimi nilijifunza hivyo, na waliokuja kujifunza kwangu niliwafundisha hivyo hivyo. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kuniponza.

Herufi nilizimudu. Wanyama walinishinda. Kuna bucha moja niliichorea ng'ombe, watu wakasema ni mbwa. Mwenye bucha alivumilia wiki mbili, akaona wateja wanasimama, wanautazama ukuta, kisha wanakwenda zao. Akanifuata na ndoo ya chokaa ili nifute mwenyewe.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango. Kazi niliyokuwa naifanya siku mbili mashine ikawa inaimaliza kabla chai haijapoa, na yenyewe ng'ombe wake ni ng'ombe kweli. Nilikuwa nimekaa bila kazi karibu mwaka mzima Bi. Perpetua aliponiita mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, kwenye nyumba hii mtakayofanyia kazi, nimwandikie jina mlangoni. Bi. Perpetua alikuwa muuguzi hospitali mpaka alipostaafu, na nyumba aliifungua kwa ajili ya wanawake waliobakwa. Nilipofika na ngazi yangu alikuwa ameshabadili mawazo. Akasema nyumba hii haifai kuwa na jina, anayeihitaji ataelekezwa. Basi nimesimama pale, rangi ninayo, brashi ninazo, kazi hakuna. Akaniuliza kama naweza kuwafundisha wanawake kuchanganya rangi.

Nilimuuliza kwa nini anamtaka mwanaume.

"Sijasema nakutaka," akanijibu. "Wenyewe ndio watakaosema. Nitawauliza."

Aliwauliza. Watatu wakasema sawa, mmoja akasema nikubaliwe lakini nikae mbali na mlango. Ndiyo maana stuli yangu mtaikuta kule kona ya mwisho, karibu na dirisha. Isogezeni mkitaka kufagia, kisha irudisheni. Mlango nao unaachwa wazi muda wote, hata kukiwa na vumbi la Septemba linaloingia mpaka kwenye chai. Anayetaka kutoka atoke bila kumwomba mtu ampishe.

Na msisimame nyuma ya mtu anayechora. Najua walimu wenu chuoni walipita nyuma ya madawati wakichungulia kazi. Mimi nilifanya hivyo wiki yangu ya kwanza, nikainama nyuma ya mama mmoja nione anavyoshika brashi. Aliruka, meza ikapinduka, maji ya rangi yakatapakaa kila mahali, na yule mama akawa ananiomba radhi mimi. Aniombe radhi mimi. Tangu siku hiyo ninapita mbele, na ninasema kwanza kwamba ninapita.

Sasa mambo ya vifaa. Mtaletewa karatasi nyeupe nzuri na watu wenye moyo mzuri. Zipokeeni, shukuruni, ziwekeni kabatini. Karatasi nyeupe inamtisha mtu, akiikalia anawaza ataiharibu, na mtu anayejiona ameharibika humpi kitu kingine cha kuharibu. Tumieni mifuko ya saruji. Dodoma hii inavyojengwa haitakosekana. Ipasueni, ikung'uteni vizuri nje, tumieni upande wa ndani ambao haukuandikwa. Ni ngumu, inavumilia maji, na ukiichana hakuna atakayekuuliza.

Nyeusi tunatengeneza kwa mkaa. Twanga, chekecha kwa kanga kuukuu, changanya na utomvu wa mgunga ulioulowesha tangu jana yake. Nyekundu ni udongo, upo kila mahali, chagua usio na mchanga. Nyeupe ni chokaa. Njano peke yake ndiyo tunayonunua dukani, kwa hiyo tunaitumia kwa uchoyo.

Mtu akimaliza kuchora, msiseme ni nzuri. Ukisema nzuri leo, wiki ijayo atachora ya kukufurahisha wewe. Sema umeiona. Msimuulize ni picha ya nini. Akitaka ujue, atakwambia. Kuna mama alikuja miezi minne hajachora hata nukta, kazi yake kuosha brashi za wenzake. Aliziosha vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Mwezi wa tano akaniambia sasa analala, akaacha kuja. Na mtu akisema mambo ambayo ni ya daktari au ya polisi, mpelekeeni Bi. Perpetua dakika hiyo hiyo. Mkaa na chokaa vina mipaka yake.

Picha zao hazionyeshwi. Kila mmoja ana bahasha yake na anaijua. Waliwahi kuja wageni waliotaka sana kuona walau moja, wameshatoa na simu za kupigia picha. Bi. Perpetua akaingia ndani, akarudi na karatasi moja, wakaizunguka. Mmoja wao alifuta machozi. Akasema anaona kabisa maumivu, hasa kwenye ile miguu isiyolingana. Alikuwa ng'ombe wangu. Nilikuwa nafanya mazoezi.

Nimecheka sana juu ya mgeni yule, na sikuwa na haki ya kumcheka, maana mimi nilifanya kosa lile lile, tena kubwa kuliko lake. Nililifanya kwa Nyemo.

Nyemo si jina lake. Nilipomwambia nataka kuwaandikia, alijichagulia jina hilo mwenyewe, akaniambia pia yapi niandike na yapi niache. Aliyosema niyaache hamtayakuta humu.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, akiuza zabibu za Hombolo hapa mjini, na akiishi peke yake kijijini Zuzu, kwenye nyumba ya udongo aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mwanaume aliyemfahamu alimkuta humo akambaka. Hospitali alikwenda, polisi alikwenda, kisha akahamia kwa shangazi yake huku Kikuyu, na nyumba ikabaki imefungwa. Kaka yake hakuwa mtu mbaya. Alisema nyumba isiyokaliwa inaliwa na mchwa, na viwanja vya Zuzu siku hizi vinatafutwa. Wakakubaliana kwamba mvua zikianza na Nyemo hajarudi kukaa, nyumba inauzwa.

Yeye hakutaka iuzwe. Alituambia siku ya kwanza kabisa, amesimama hapo mlangoni.

"Nataka kurudi kwangu," alisema. "Miguu ndiyo inayokataa."

Tangu siku hiyo hakusema mengi. Kila Jumanne na Alhamisi alichukua karatasi, akachukua kopo la nyeusi, akapaka. Alianza juu kabisa, akashuka polepole mpaka ukingo wa chini, asiache hata upenyo wa kidole. Ikikauka anarudia. Alikuwa na karatasi moja kubwa aliyoipenda, akawa anairudia hiyo hiyo. Wiki sita. Mimi nikiwa kwenye stuli yangu nilikuwa naumia. Kwa macho yangu ule ulikuwa msiba mtupu, na kila Alhamisi unazidi kuwa mweusi. Nilijiambia binti huyu anazama na sisi tunamtazama.

Alhamisi moja akatoka kwenda kunawa mikono. Karatasi ilikuwa mezani, imekauka. Nikainuka, nikafungua ile njano ya dukani, nikamchorea jua kwenye kona ya juu. Jua zuri, vijana. Miale kumi na miwili, nimeigawa kwa jicho, haikupishana hata unywele. Nikarudi kukaa nikiwa nimefurahi, nikamsubiri aje alione.

Alikuja akaliona. Aliliangalia jua, akaniangalia mimi, akaangalia mlango. Akachukua kanga yake mgongoni mwa kiti, akatoka.

Bi. Perpetua aliingia akaikuta karatasi.

"Nani kachora hili?"

"Mimi. Nilitaka kumtia moyo."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halifanyi akiwa na hasira ndogo. "Ramadhani, humu ndani hatuna dawa. Tuna kitu kimoja tu cha kuwapa, karatasi ambayo haiguswi na mtu mpaka mwenyewe aseme. Huyu binti alikuwa nayo kwa wiki sita. Leo hana."

Nilitaka kujitetea, kwamba mimi na yule mtu wa Zuzu hatufanani. Hatufanani, ni kweli. Lakini mkono wangu ulikuwa umefika mahali bila kuulizwa, na Nyemo mkono wa namna hiyo alikuwa anaujua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na bado nikiandika hapa naiona.

Aibu nayo ina haraka zake. Kwanza nilitaka kuchukua nyeusi nilifute lile jua kabla hajarudi. Bi. Perpetua akaniondoa mezani, akaniuliza kama kosa moja halijanitosha. Kisha nikasema nitakwenda kwa shangazi yake nikamwombe radhi.

"Umfuate nyumbani?" akasema. "Wewe mzima kweli?"

Ikabidi nimpe maneno apeleke yeye. Niliandika barua ndefu, akaikatakata mpaka yakabaki mafupi: nilikosea, karatasi yako haijaguswa tena, usijisikie unalazimika kunijibu. Baada ya hapo nikakaa. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kuomba radhi, na wengi hatuiwezi. Ukishaomba, unakaa.

Jumanne ikapita, Alhamisi ikapita. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki. Mnajua Dodoma ilivyo mwezi huo, kila mtu shingo juu, shamba limelimwa, mbegu ipo ndani. Mkoa mzima unaomba mvua, mimi peke yangu naomba ichelewe, kwa sababu ikinyesha nyumba inauzwa, na miguu iliyokuwa inajifunza kurudi nimeifukuza mimi.

Ikanyesha Jumatano mchana. Ilipiga mabati saa nzima. Nilikaa barazani kwangu nikiiangalia bila kuonja furaha yake.

Kesho yake, Alhamisi, Nyemo akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu." Sikuinuka.

"Karatasi yangu ipo?"

Bi. Perpetua akaitoa kwenye bahasha, akamwekea mezani. Nyemo akachukua kopo la nyeusi, akalifunika lile jua mwale mmoja mmoja, bila haraka, mimi nikiangalia. Njano ya dukani ni kaidi, ilibidi arudie mara tatu. Alipomaliza akafuta brashi, akageuka kwangu.

"Wewe Mrangi, umekaa Ugogo miaka mingapi?"

"Imepita thelathini."

"Na hujajua nyeusi ni nini."

"Nilidhani ni huzuni."

"Ni mvua," alisema. "Hujawaona wazee wakienda kuomba mvua? Wanavaa kaniki, nguo nyeusi tupu. Sisi wingu likiwa jeusi tunatoa ndoo nje. Wiki sita mimi nakaa hapa natengeneza mvua, wewe unaniletea jua."

Bi. Perpetua aliangalia dirishani, mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka, na nilistahili.

Kisha Nyemo akatueleza. Siku ile alipovamiwa alikuwa ametoka kuchota maji, ndoo ikamwagika uani, karibu na pipa. Yule mtu alipoondoka alikanyaga pale penye tope, kiatu kikaingia mpaka kisigino. Jua la Agosti likakausha alama ikawa ngumu kama tofali. Polisi walikuja, wakapiga picha, wakasema sasa anaweza kuiondoa. Jembe lilikuwepo, mkono ndio haukufika. Kila alipofungua mlango kiatu kile kilikuwa kinamtazama. Hakuna upepo ambao ungekifuta. Alihitaji mvua, tena ya kutosha, na kwa kuwa mvua haikuwepo alikuwa anaileta kwa karatasi.

"Kaka anamleta mnunuzi Jumamosi," akasema. "Kesho asubuhi nataka nikaangalie. Twende wote. Wewe Fundi utakaa nje ya ua mpaka nikuite."

Nilikaa nje ya ua. Niliona kwa mbali tu. Alifungua, akaenda mpaka kwenye pipa akiwa ameshikana mkono na Bi. Perpetua, akasimama. Alisimama muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa. Hapakuwa na alama, palikuwa na tope kama tope lolote. Akavua ndala. Akakanyaga, mguu mmoja, kisha wa pili. Akaanza kulikanyaga vile wanawake wanavyokanyaga udongo wa kukandika nyumba, akizunguka, akiinua magoti, huku analia kwa sauti na Bi. Perpetua akimwongezea maji. Udongo ulipolainika akauchota kwa mikono miwili, akaupeleka ukutani, mahali ambapo mchwa walikuwa wameshaanza kula, akaupaka.

Jumamosi kaka yake alipofika na mnunuzi, alimkuta Nyemo bado ukutani, udongo umemfika viwikoni. Nyemo mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Kaka alisimama akaangalia ukuta, kisha akaangalia mikono ya dada yake, akamwambia yule mgeni waondoke, nyumba ina mtu. Shangazi akahamia Zuzu kwa mwezi mmoja ili binti asilale peke yake. Kesi ilikwenda ilivyokwenda, na hilo ni moja ya yale aliyosema niyaache.

Baada ya wiki tatu akatuita. Ukuta wa mbele, chini ya upenu ambapo mvua haifiki, ulikuwa umekauka, laini kabisa, na juu yake amepaka nyeusi ya mkaa kutoka mlangoni hadi kwenye kona. Safari hii alikuja kunipokea uani. Tukanywa chai, akanitania kuhusu ng'ombe wangu, maana Bi. Perpetua hana siri ya namna hiyo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo dogo la njano na brashi moja.

"Fundi, pale kwenye kona. Weka lile jua lako."

"Una hakika?"

"Si nimekuomba? Lakini dogo."

Nikashika brashi. Vijana, nimeandika majina ya watu juu ya ngazi inayoyumba, upepo wa Dodoma ukivuma, na herufi zikakaa sawa. Siku hiyo nimesimama chini, ukuta umetulia, mkono ukagoma. Duara likatoka kama kiazi. Miale ilikuwa tisa, mitatu imeangalia chini, mmoja umegongana na mwenzake. Fundi Athumani angelia.

Nyemo akasogea, akalitazama, kichwa ameinamisha upande.

"Limepinda," akasema. Akachukua brashi mkononi mwangu, akaichovya kwenye kopo, akaisogeza mpaka karibu kabisa na ukuta. Hapo akasimamisha mkono, akanigeukia. "Nilinyooshe?"

Nililiangalia lile jua. Lilikuwa baya kweli kweli, na lilikuwa langu.

"Hapana," nikamwambia. "Liache hivyo hivyo."

Nyemo akaiweka brashi chini.